Kama sonona ni upungufu wa kemikali, mbona hawaipimi?

SWALI: Habari za kazi daktari. Naishi Pasua, Moshi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ni mpagazi wa mlimani. Tangu mvua zianze alikuwa hali, halali, hataki kuonana na watu, akaanza kusema hana faida kwa mtu yeyote. Tulimpeleka hospitali, wakasema ana sonona, ubongo wake umepungukiwa kemikali, wakampa fluoxetini kidonge kimoja kila asubuhi. Leo ni wiki ya pili. Nafuu haipo, na juu yake kaongezewa kichefuchefu na usingizi umezidi kukatika. Anasema afadhali aache. Jirani yetu alipona kwa amitriptilini na yuko tayari kumgawia. Mwingine anatuuzia virutubisho vya kuongeza serotonini, anasema ni kama zile ndizi tunazokula ila vina nguvu zaidi. Ninachouliza: kama ni upungufu, mbona hawakupima damu wajue umepungua kiasi gani? Mbona jirani alipewa dawa nyingine kwa ugonjwa uleule? Na akiendelea, ndiyo atameza vidonge maisha yake yote?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza, na hongera kwa kumfikisha mdogo wako hospitali. Wapo vijana wengi wa kazi kama yake wanaoishia kusukumwa kwenye pombe au kuambiwa wajikaze.

Nianze na lisilosubiri. Asiache dawa leo, asimeze ya jirani, na wewe umuulize kwa maneno ya wazi, mkiwa wawili tu, kama amekuwa akifikiria kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi huwa ndiyo mara yao ya kwanza kupata mtu wa kumwambia. Akijibu ndiyo, au ukimwona ametibuka, hatulii kitini, anazunguka usiku kucha na maneno yake yamebadilika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Vidonge vikae kwako, sio kwake. Wiki za mwanzo za dawa hizi zinahitaji jicho la karibu: mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali la mawazo ya kujiua liandikwe kwa ajili ya watoto na vijana balehe, na mwaka 2007 likasogezwa hadi umri wa miaka 24. Mdogo wako amevuka umri huo, lakini mtu aliyekwishaanza kusema hana faida kwa yeyote haachwi peke yake, dawa iwepo isiwepo.

Sasa tuje kwenye kipimo. Hawakupima kwa sababu kipimo hicho hakipo. Hakipo hospitali ya Mawenzi, hakipo KCMC, hakipo Mount Meru kule Arusha, na hakipo London. Kemikali inayosemwa imepungua ni serotonini. Iliyomo mwilini, zaidi ya asilimia 90 iko tumboni, kwenye kuta za utumbo, na ile inayoonekana kwenye damu imebebwa na chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho serotonini haiwezi kukivuka. Ukipima damu, basi, umepima habari za utumbo na chembe sahani, ubongo hujaufikia. Mtu akija na mashine ya kupima “kemikali za furaha” kwa tone la damu, msimpe hata shilingi.

Vipimo vyenye maana vipo, ila vinatafuta mambo mengine. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikilegea mtu huchoka, huwa mzito, hukosa hamu ya chochote, na ukimtazama haraka utasema ni sonona. Upungufu wa damu, kisukari na VVU navyo vinaweza kujificha nyuma ya sura hiyohiyo au kuizidisha. Kama hakupimwa hivyo, ulizeni mkirudi.

Na hili neno “upungufu” limetoka wapi? Kwa watu wa Kilimanjaro chimbuko lake si geni sana, kwa sababu limeanzia kwenye kifua kikuu. Nyote mnaijua Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu iliyoko Siha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye hospitali ya aina hiyo huko New York iitwayo Sea View, wagonjwa walijaribiwa dawa mbili mpya, isoniazidi na iproniazidi. Isoniazidi bado inatibu kifua kikuu mpaka leo. Iproniazidi ilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: watu waliokuwa hoi kitandani walichangamka, wakaomba chakula, wakaanza kutembeleana wodini, kuliko hali ya mapafu yao ilivyoweza kueleza. Mwaka 1957 daktari wa Marekani, Nathan Kline, na wenzake walitangaza matokeo yake kwa watu wenye sonona. Mwaka huohuo Roland Kuhn wa Uswisi akachapisha habari za imipramini, ambayo ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo. Wale haikuwafaa, ikawafaa wa sonona. Amitriptilini ya jirani yenu ni ya ukoo wa imipramini.

Baada ya hapo ndipo watafiti walipoanza kuuliza dawa hizi zinagusa nini kichwani. Walikuta iproniazidi inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na kemikali nyingine za ubongo, noradrenalini na dopamini, na imipramini inazuia seli zisirudishe serotonini na noradrenalini ndani baada ya kuzimwaga. Upande wa pili ilikuwepo reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotokana na mmea wa rauwolfia. Yenyewe ilimaliza akiba ya kemikali hizohizo, na baadhi ya waliomeza waliripotiwa kuingiwa na huzuni nzito. Ukiyaweka pamoja, hoja inajitokeza yenyewe: zikipanda mtu anapona, zikishuka anaugua. Joseph Schildkraut aliiandika mwaka 1965 akikazia noradrenalini. Miaka miwili baadaye Alec Coppen wa Uingereza akaikazia serotonini. Fluoxetini ilipopata kibali Marekani mwezi Desemba 1987, hoja ikaingia kwenye matangazo, kisha kwenye vipeperushi vya hospitali, na sasa imefika Pasua.

Siwalaumu waliomwambia mdogo wako maneno hayo. Yalikuwa na kazi njema: yalimwondolea mgonjwa lawama ya uvivu, ya kurogwa, ya kukosa imani. Lakini yana kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi waache dawa wiki ya pili. Fluoxetini huanza kuzuia serotonini isirudishwe ndani ya saa chache tu baada ya kumezwa. Kama tatizo lingekuwa pungufu la kujazwa, mdogo wako angeamka kesho yake amepona. Hakuamka hivyo, naye akahitimisha kwamba dawa haifai. Kwa hoja aliyopewa, hitimisho lake ni la haki kabisa. Hoja ndiyo iliyompotosha.

Tena kuna ushahidi mwingine. Watafiti waliwahi kuwapa watu wazima wenye afya mlo usio na triptofani, malighafi ambayo mwili hutumia kutengeneza serotonini. Serotonini ilishuka, lakini wengi wao hawakupata huzuni yoyote. Walioporomoka ni baadhi ya wale waliokuwa wamepona sonona kwa dawa za serotonini. Maana yake kemikali hii inahusika, ila si kwa njia ya upungufu wa moja kwa moja. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi wakaona hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini ndogo. Baada ya chapisho hilo wapo waliotangaza kwamba dawa zenyewe ni uongo. Hapo nakataa kwa nguvu zangu zote. Maelezo ya namna dawa inavyofanya kazi yanaweza kuwa na kasoro, na dawa ikawa inafanya kazi. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na dawa 21 za sonona. Zote 21 zilizidi kidonge kisicho na dawa. Hazikukizidi kwa muujiza, zilikizidi kwa kiasi cha wastani, na faida huonekana wazi zaidi kwa mtu ambaye sonona yake ni kali, kama ya kijana aliyeacha kula na kulala.

Basi kinachotokea ni nini? Seli ya neva inapotaka kupeleka ujumbe kwa nyingine, humwaga kemikali kwenye upenyo mwembamba ulio kati yao. Kemikali hugusa vipokezi vya seli ya pili, kisha protini maalumu huirudisha ilikotoka. Fluoxetini huikalia protini hiyo, hivyo serotonini hubaki kwenye upenyo muda mrefu zaidi. Lakini seli iliyoimwaga nayo ina vipokezi vya kujipima. Vinagundua kwamba serotonini imezidi, vinaiamuru seli ipunguze kumwaga. Siku za mwanzo, kwa hiyo, dawa inasukuma na ubongo unarudisha nyuma. Huchukua wiki mbili, tatu, hata zaidi, vile vipokezi vya kujipima vikazoea na kupunguza amri zake. Hapo ndipo mtiririko unapobadilika kweli.

Na huo nao ni mwanzo tu. Ndani ya seli, jeni fulani huanza kufanya kazi kwa kasi tofauti. Protini iitwayo BDNF, inayolisha seli za neva na kuzisaidia kuota matawi na viungio vipya, huongezeka. Mabadiliko haya yameonekana zaidi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu na kusaidia kutuliza mfumo wa msongo, ambayo homoni za msongo zikikaa juu kwa miezi huidhoofisha. Mwaka 2021 kundi la Eero Castrén wa Helsinki lilionyesha kwamba dawa za familia tofauti, fluoxetini, imipramini na hata ketamini, hujishikiza zenyewe kwenye kipokezi cha BDNF. Wataalamu wanabishana juu ya uzito wa kila hatua, ila mwelekeo ni mmoja: dawa inaufungulia ubongo nafasi ya kujirekebisha, na kujirekebisha kuna muda wake.

Mdogo wako anaweza kukueleza jambo hili kuliko mimi, kwa kuwa ameliona kwa wageni anaowabebea mizigo. Mgeni hapandishwi kutoka geti la Machame hadi kileleni kwa siku moja. Analazwa kambi moja, anapandishwa kidogo, anashushwa kulala chini, mwili unabadili upumuaji na damu taratibu. Hewa nyembamba haimwongezei mgeni kitu chochote. Ni mwili wake unaoitikia hewa ile na kujipanga upya. Fluoxetini iko hivyo. Wiki ya pili yuko kambi ya katikati, kichwa kinamuuma, na anataka kushuka.

Kuna utafiti mmoja ninaupenda, na unawahusu nyie mnaoishi naye. Catherine Harmer wa Oxford na wenzake walionyesha kwamba dawa hizi hubadilisha namna ubongo unavyosoma nyuso na maneno mapema sana, kabla mgonjwa mwenyewe hajasema anajisikia vizuri. Mtu mwenye sonona akiona uso usio na hisia yoyote huweza kuusoma kama uso wa huzuni au dharau. Dawa inaanza kulegeza usomaji huo, kisha siku zinavyokwenda, salamu iliyopokewa vizuri leo na nyingine kesho ndizo zinazoinua moyo. Ndiyo maana ndugu mara nyingi huona nafuu kabla ya mgonjwa. Usimuulize kila asubuhi “unajisikiaje leo?”, atakujibu vilevile. Tazama kama amemaliza ugali uliokuwa unabaki, kama amenyoa, kama amemuuliza mtoto habari za shule, kama amepokea simu ya mwenzake wa mlimani. Andika tarehe. Na kama kinachobadilika kwanza ni namna anavyowasoma watu, basi sura mnazomwonyesha nyumbani ni sehemu ya tiba. Dawa haiwezi kumsaidia kusoma upole usiokuwepo.

Kichefuchefu chake kinatokana na lile la mwanzo: serotonini nyingi iko utumboni, nayo dawa inaigusa huko kabla hatujaona faida kichwani. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ameze baada ya uji, sio tumbo tupu. Kuhusu usingizi, hakikisha anameza asubuhi mapema. Akiwa anameza saa tano au mchana, sogezeni. Usingizi ukiwa haupo kabisa, rudini mkamwambie daktari, kwani yapo ya kufanya. Liko na jingine ambalo hatakuambia wewe dada yake: dawa hizi hupunguza hamu ya tendo la ndoa na huchelewesha kufika kileleni, na wanaume wengi huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo. Daktari amuulize wakiwa wawili. Kuna njia za kulishughulikia.

Lini tuseme dawa imeshindwa? Fluoxetini hutoka mwilini polepole mno; yenyewe na kile inachogeuka ikivunjwa mwilini huhitaji wiki nne hivi au tano hadi kiwango chake kitulie kwenye damu. Dalili ndogo za nafuu kwa kawaida huanza kati ya wiki ya pili na ya nne. Ikifika wiki ya nne hakuna hata chembe ya mabadiliko, daktari ana sababu ya kuongeza dozi au kubadili. Nafuu ikiwepo lakini nusunusu, husubiriwa hadi wiki ya sita au ya nane huku dozi ikirekebishwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliotoa matokeo yake mwaka 2006, kama theluthi tu ya wagonjwa walifikia kupona kwa dawa ya kwanza. Kwa hiyo mdogo wako akibadilishiwa dawa, asidhani ugonjwa wake ni wa ajabu.

Tuje kwa jirani. Amitriptilini si dawa dhaifu. Katika ule uchambuzi wa 2018, kwa nguvu peke yake, ilikuwa mstari wa mbele kabisa. Ni ya bei nafuu, na pamoja na fluoxetini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo ni kwamba inagusa mambo mengi: inazuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe, halafu inafunga vipokezi vingine vinavyoleta usingizi mzito, kinywa kukauka, choo kigumu, mkojo kugoma na kizunguzungu mtu akisimama ghafla. Ikizidishwa ni hatari kwa moyo, ndiyo maana hatupendi kumpa vidonge vingi mtu mwenye mawazo ya kufa. Ila jirani yako labda alikuwa na maumivu ya neva pamoja na sonona, au hakuwa analala kabisa, au fluoxetini haikuwepo siku hiyo. Sababu hizo zote ni halali, na zote ni zake.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Wako wagonjwa wengi wanaobaki na amitriptilini ya miligramu 25 usiku kwa miezi, wakiamini wanatibiwa sonona. Kiasi hicho hutosha kwa maumivu na huleta usingizi. Kwa sonona ya mtu mzima, dozi hupandishwa taratibu, kwa kawaida hadi miligramu 75 au 150, chini ya uangalizi. Mtu akikaa kwenye 25 mwaka mzima halafu akaambiwa sonona yake “haisikii dawa”, ameonewa.

Na kuna ini. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 ndicho kinachosaidia kuvunja dawa nyingi za sonona, na watu tumezaliwa na jeni zake tofauti. Aina moja inayofanya kazi kwa kasi ndogo, CYP2D6*17, ni ya kawaida kusini na mashariki mwa Afrika, na imeonekana kwa Watanzania pia. Utafiti wa mwaka 1996 uliwakuta Waethiopia asilimia 29 wakiwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, yaani wanavunja dawa upesi kupita kiasi. Watu wawili wakimeza kidonge kilekile, mmoja anaweza kulewa dawa na mwingine asiione. Fluoxetini yenyewe hukifunga kimeng'enya hicho, hivyo mdogo wako akiongeza amitriptilini ya jirani juu yake, kiwango cha amitriptilini kwenye damu kinaweza kupanda hadi pabaya. Msijaribu.

Kwa kuwa ni mpagazi, nina hakika magoti na mgongo vinamuuma, na nina hakika hupita duka la dawa kuchukua diklofenaki. Ziko zile chembe sahani nilizozitaja: zinahitaji serotonini ili kugandisha damu, na fluoxetini huzizuia zisiichukue. Ukiunganisha na diklofenaki au aspirini, hatari ya tumbo kutoka damu huongezeka. Parasetamoli ni salama zaidi kwake kwa sasa. Tramadoli ndiyo asiiguse kabisa bila daktari kujua. Pamoja na fluoxetini inaweza kuleta degedege, au kuzidisha serotonini hadi mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachemka mwili na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Dawa mseto ya malaria asiikatae akiihitaji, amwambie tu anayemwandikia kwamba anatumia dawa ya sonona, hasa ikiwa siku moja atahamishiwa amitriptilini.

Mbege najua ni heshima, na msibani au kwenye ndafu hakwepeki mtu. Lakini pombe ni dawa ya kushusha ubongo. Glasi inamtuliza usiku, saa nane inamwamsha na kesho yake moyo uko chini kuliko jana. Kwa miezi hii ya matibabu namwomba akae na soda, na nyie wa nyumbani mmtetee mbele ya wajomba.

Virutubisho. Muuzaji amesema kweli nusu: ndizi zina serotonini, tena ya kutosha kiasi kwamba mtu akila nyingi, mabaki yake huonekana kwenye mkojo, wagonjwa wanaopimwa aina fulani ya uvimbe huambiwa wasile ndizi kabla ya kipimo ili majibu yasipotoke. Ila serotonini ya ndizi haivuki kile kizuizi cha ubongo. Mngekuwa mnapona sonona kwa mtori wa ndizi, Kilimanjaro nzima isingekuwa na mgonjwa. Mpe mtori kwa sababu amekonda na anahitaji kula. Virutubisho msinunue, na vikiwa na kitu kiitwacho 5-HTP, huingia ubongoni kweli na kugongana na fluoxetini.

Serotonini, tena, sio njia pekee. Ketamini, ambayo vyumba vyetu vya upasuaji huitumia kila siku kulaza wagonjwa, hugusa mfumo mwingine wa kemikali uitwao glutameti, na tangu jaribio dogo la mwaka 2000 imeonekana kuinua watu wenye sonona sugu ndani ya saa chache. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha ndugu yake wa kupuliziwa puani. Ni tiba ya hospitali, kwa wachache, na haitafutwi mtaani. Naitaja ili uone kwa nini siridhiki mtu anapoambiwa ana “serotonini ndogo” kana kwamba habari imekwisha.

Haijakwisha, kwa sababu umesema alianza kubadilika mvua zilipoanza. Masika wageni hupungua, kazi hakuna, deni liko palepale. Msongo wa miezi nao ni kemia: homoni za msongo hupanda, usingizi huvunjika, ubongo hulegea. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti wa vijijini Rakai na Masaka, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana kwa makundi kila wiki, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, wakizungumzia misiba yao, ugomvi na mabadiliko ya maisha, bila kidonge. Walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakukutana. Muulizeni daktari kama kuna mshauri wa kuzungumza naye pale hospitali. Dawa na mazungumzo vikienda pamoja, kwa sonona kali, hushinda kimoja peke yake.

Mkirudi kliniki, mwambieni daktari pia kama aliwahi kupitia kipindi cha siku nyingi akiwa na nguvu kupita kiasi, analala kidogo bila kuchoka, anaongea sana na kutapanya pesa. Watu wa namna hiyo dawa ya sonona peke yake inaweza kuwarusha juu vibaya, na matibabu yao hupangwa kwa njia nyingine. Nendeni na mfuko wenye kila anachomeza, zikiwemo dawa za kienyeji.

Na maisha yote? Hapana, si kwa mtu anayeugua mara ya kwanza. Akishapona huendelea kumeza kwa miezi 9 hadi 12 tangu dalili ziishe, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kwa kuwa kuacha mapema ndiko kunakorudisha ugonjwa. Sonona ikiwa imerudi mara kadhaa, muda huwa mrefu zaidi. Kuacha hufanywa kwa kupunguza polepole na daktari. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira na usingizi wa ndoto kali. Watu hudhani huo ni uraibu. Ni ubongo uliokuwa umejipanga na dawa, sasa unaombwa ujipange tena.

Akirudi kazini, arudi usingizi ukiwa umerejea, na asibebe dawa yoyote ya usingizi kwenda nayo mlimani, kwani huko juu hupunguza upumuaji. Vidonge vyake avibebe vya siku zote za safari na ziada ya siku mbili tatu. Akisahau siku moja asimeze viwili. Fluoxetini hukaa mwilini muda wa kutosha, aendelee na cha kesho asubuhi.